Mraba Uliokataa Kukua

Ofisini walimwita Bana, na jina halikumtoka tena. Si kwamba alikuwa bahili, ingawa yuko mwenzake mmoja aliyeapa kwamba hata ubahili umo. Aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa fundi wa kurasa za mtandao, na katika CSS, lugha ile inayoamua kila kitu ukurasani kiwe na rangi gani na ukubwa gani, alikuwa ameipenda amri moja ya hesabu kupita kiasi. Amri yenyewe huitwa clamp. Unaipa vipimo vitatu: kitu kisishuke chini ya hiki, kisipande juu ya hiki, na kati ya hapo kifuate upana wa kioo. Inabana juu, inabana chini, katikati inaacha nafasi ya kupumua. Wengine huandika kipimo kimoja na kumwachia Mungu. Bana hakuwa mtu wa kumwachia Mungu kazi aliyolipwa yeye.

"Wewe hata mchumba utamwekea clamp," alitaniwa na Rangi, mwenzake wa meza ya pili, aliyepewa jina hilo kwa sababu rangi ndiyo kazi yake na kwa sababu mashati yake yalionekana kabla yeye mwenyewe hajafika.

"Nimeshamwekea. Asiwe mfupi kuliko mimi, asiwe mrefu kuliko mlango."

"Na katikati?"

"Katikati afuate upana wa mfuko wake."

Walicheka, kisha wakarudi kwenye vioo vyao. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la magodoro, na harufu ya sponji mpya ilipanda ngazi kutwa nzima, kiasi kwamba baada ya chakula cha mchana usingizi ulikuwa mtihani wa kufa na kupona. Lakini kazi zilikuwepo, feni ilizunguka, na Bana aliipenda kazi yake kwa namna ambayo watu wengi huishia kuisikia kwa jirani.

Ndipo ikaja kazi ya gazeti. Gazeti moja la mjini lilikuwa linaacha karatasi na kuhamia kwenye simu, na ofisi ya kina Bana ikapewa kujenga kurasa zake. Ndani ya gazeti hilo kulikuwa na fumbo la maneno lililotoka kila Jumamosi: visanduku kumi na tatu kwa kumi na tatu, vyeupe na vyeusi, na chini yake vidokezo vya mlalo na wima. Mtunzi wake alijiita Mtegaji. Wasomaji walimjua kwa jina hilo tu. Walimlaani kwa jina hilo na kumsubiri kwa jina hilo. Bana alimjua kwa jina jingine. Alikuwa Babu, baba mzazi wa mama yake, aliyekaa nao nyumba moja, kwenye chumba cha mbele chenye dirisha kubwa.

Mhariri wa gazeti alikuwa mwanamke mrefu, mwenye miwani iliyokaa juu ya paji la uso zaidi ya ilivyokaa machoni, na hakuwa na maneno ya kupamba.

"Undugu wenu naujua na haunihusu," alimwambia Bana. "Kila kitu kinaingia kwenye simu. Kisichoingia tunakiaga kwa heshima. Fumbo lenyewe siku hizi silifungui hata, limenichosha, nadhani limezeeka. Lakini nitaliangalia Alhamisi ya wiki ijayo. Likikaa vizuri mkononi, linabaki. Lisipokaa, mwambie mzee tunamshukuru sana."

Kipya kinyemi ingawa kidonda, Bana aliwaza, lakini hakulisema. Alisema, "Litakaa."

Alisema hivyo akimfikiria Babu. Mzee alikuwa amestaafu usahihishaji katika gazeti hilohilo, na fumbo ndilo lililobaki. Kila asubuhi baada ya chai alikaa dirishani na rula, penseli, na kamusi iliyokwisha kupoteza jalada, akachora mraba wake na kuanza kutega. Wazee wengi hufika umri ambao watu huwauliza tu wameamkaje. Babu alikuwa bado anaulizwa majibu. Muuza matunda alimsimamisha kumuuliza wima ya nane, naye alijibu kwa kutikisa kichwa na kununua machungwa. Kumwondolea mraba ule ilikuwa kumwondolea asubuhi zake, na Bana hakutaka hata kulifikiria jambo hilo lilivyo.

Basi akaingia kazini. Hesabu ya kwanza ilikuwa nyepesi: chukua upana wa kioo, gawa kwa kumi na tatu, hicho ndicho kisanduku. Kwenye simu kikakaa sawa. Kwenye kompyuta kikawa kikubwa kama kigae cha sakafu. Hapo akatumia min, amri inayotazama vipimo viwili na kuchagua kilicho kidogo. Amri hii na ndugu yake max zimewatoa watu jasho, maana ukitaka kitu kisizidi unaandika min, na ukitaka kisipungue unaandika max, kinyume kabisa na akili ya mtu aliyelala vizuri. Bana alikwisha kuwazoea hao ndugu wawili. Visanduku vikashika adabu, kwenye kioo kidogo na kikubwa.

Kisha herufi. Hapa akaileta clamp yake kipenzi: herufi isipungue kipimo hiki, isizidi kile, na katikati ifuate upana wa kioo. Kwa kuwa mraba ulikuwa ukirukaruka kila mtu alipougusa kwa vidole viwili kuukuza, akaufunga ukuzaji huo pia. Sasa hakuna kilichosogea. Ukiigeuza simu, mraba unajipanga. Ukifungua kwenye kompyuta, mraba unatulia katikati. Rangi alikuja kusimama nyuma yake akautazama kwa muda.

"Huu umekaa kama umezaliwa humo," alisema, na Rangi si mtu wa kusifu ovyo.

Ilibaki kujaribu kwa mtu. Na nani analijua fumbo hili kuliko Babu? Jioni Bana aliufungua ukurasa kwenye simu ya mzee, akaweka fumbo la Jumamosi iliyokuwa inakuja, akampa.

"Haya mume wangu, jaribu," alisema kwa utani wa mjukuu wa kike.

"Mke wangu ameniletea kazi badala ya kuniletea chai," Babu alisema, lakini alikuwa ameshainyakua simu. Aliipeleka mbali, akaivuta karibu, akatabasamu. Kisha vidole vikaanza kazi. Mlalo wa kwanza, mlalo wa tano, wima ya pili. Kila neno liliingia mahali pake na hakuna hata moja lililokosewa. Baada ya muda aliiweka simu mezani kama mtu aliyemaliza sahani yake.

"Limependeza. Limekubali lote."

"Hakuna linalokusumbua? Visanduku? Herufi?"

"Herufi ni nzuri sana. Una mkono, mke wangu. Una mkono."

Bana alilala akiwa na furaha. Kila alipobadilisha kitu, alimletea tena, na kila mara mzee alijaza mbio, bila kosa, na kusifu kwa maneno mapya. Mtu mwingine angejiuliza. Lakini mtu anayevikwa kilemba hamuulizi anayemvika kama ni cha hariri au cha ukoka. Anainamisha kichwa tu kikae vizuri.

Siku moja kabla ya wikendi, Bana alipata wazo la kumfanyia Babu mzaha. Kwa siku kadhaa, wakati wa chakula cha mchana, alikuwa amejifungia na karatasi akitunga fumbo lake mwenyewe, la kwanza maishani. Lilimtoa jasho. Alifuta zaidi ya alivyoandika, na akaanza kumheshimu mzee kwa jambo ambalo tangu utotoni aliliona la kawaida tu. Lilipokamilika aliliweka ukurasani mahali pa fumbo la Babu. Hakumwambia kitu. Alitaka afike kwenye kidokezo cha kwanza, akutane na mtego wa mwenzake, aruke.

Jumapili mchana jua lilikuwa limejaa chumba cha mbele. Mama alikuwa amelala baada ya zamu yake, kwa hiyo walizungumza kwa sauti ya chini.

"Nimebadilisha kidogo upande wa juu," Bana alisema. "Jaribu tena lile la Jumamosi."

Babu alipokea simu, akaipeleka mbali, akaivuta karibu, akatabasamu. Vidole vikaanza kazi. Bana alikaa mkono mdomoni, akijizuia kucheka, akisubiri mshtuko.

Mshtuko haukuja. Mzee alijaza mstari, akajaza mwingine, akashuka. Kasi yake ileile. Mwishowe akaweka simu mezani.

"Limependeza. Hapo juu sasa pamekaa vizuri zaidi."

Bana aliichukua simu na kuangalia. Kwenye mlalo wa kwanza, ambako fumbo lake lilikuwa na neno la herufi nne, Babu alikuwa ameandika MSHUMAA. Herufi nne zimeingia, na zilizobaki zimeruka kisanduku cheusi na kuangukia kwenye neno jingine. Chini yake lilikuwepo nusu ya neno KARAFUU, limekatwa na kisanduku cheusi, likaendelea mbele ya safari. Ukurasa wote ulikuwa hivyo. Yalikuwa majibu ya fumbo la Jumamosi, yote, kwa mpangilio wake, yamemwagwa juu ya fumbo jingine kabisa.

Mzee hakuwa anasoma. Hakuwahi kusoma. Alikuwa anajaza kwa kumbukumbu maneno aliyoyatunga mwenyewe, kwa kukisia kisanduku kilipo, huku akimsifu mjukuu wake kwa kitu asichokiona.

 Bana alitaka kusema, lakini aliona uso wa mzee ulivyotulia, uso wa mtu anayeamini ameficha vizuri, akashindwa.

"Chaji imekaribia kuisha," alisema. "Ngoja nikakuwekee."

Jikoni, simu mkononi, alianza kuchunguza. Alifungua jumbe za Babu. Herufi zilikuwa kubwa kama maharage. Sentensi moja ilijaza kioo kizima. Alifungua vitufe vya kuandikia: vikubwa pia. Alifungua habari za redio, hali ya hewa, picha za wajukuu. Kila kitu kilikuwa kimekuzwa. Mzee alikuwa ameingia kwenye mipangilio ya simu na kusukuma ukubwa wa maandishi hadi ukutani, na simu nzima ilikuwa imemtii. Kisha Bana akafungua ukurasa wa fumbo. Herufi za sisimizi. Vidokezo vya sisimizi.

Alisimama pale akisikia bomba likidondosha matone, na hesabu yake ikamjia kichwani kama alivyoiandika. Kisipungue hiki. Kisizidi kile. Katikati kifuate upana wa kioo. Vipimo vyote vitatu vilitazama kioo, na hakuna hata kimoja kilichomtazama msomaji. Mtu angeiomba simu ikuze herufi mara kumi, ukurasa wa Bana ungeziba masikio. Alikuwa amebana hadi ombi la mtu. Na ule ukuzaji wa vidole viwili, mlango wa mwisho uliobaki, akaufunga kwa mkono wake mwenyewe ili mraba usimharibikie umbo. Nyani haoni kundule. Aliona haya, haya ya kweli, ya kuchoma masikio.

Alirudi chumbani na kuvuta kiti karibu na cha mzee.

"Babu, ule ukurasa wangu ni mbovu."

"Mbovu? Nani kasema? Mhariri?"

"Nasema mimi. Umekataa kukuza herufi. Simu yako yote inakuza, wangu peke yake umekataa. Kosa liko kwenye hesabu yangu."

 Mzee alichukua penseli, akaitazama ncha, akaiweka.

"Kosa ni la ukurasa?"

"La ukurasa. La kwangu."

"Nilidhani ni mimi," alisema Babu. Aligeukia dirisha. "Nilidhani macho ndiyo yameaga. Mambo mengine nayaona, nikifika kwenye fumbo langu mwenyewe, giza. Nikasema, basi, hii ndiyo ishara. Nilishapanga Alhamisi tukienda pamoja, nimwambie Mhariri nimechoka. Bora niage mimi kabla sijaagwa."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, mke wangu? Umeikalia kazi ile wiki nzima, macho yanakung'aa. Nikakuvunje moyo kwa sababu ya macho ya mzee?"

Bana alimshika mkono. Alikuwa na hasira na yeye, na hasira na nafsi yake, na mapenzi yakazifunika zote mbili. "Safari nyingine nivunje," alisema. "Tafadhali. Nivunje kabisa."

Jumatatu aliwahi ofisini na kuibomoa ile hesabu. Herufi sasa zingeanzia kwenye ukubwa aliouchagua msomaji, kisha ndipo ziongezwe kidogo kwa upana wa kioo. Akitaka kubwa, apate kubwa. Na kisanduku kisitazame kioo peke yake. Akakipa max: tazama mgawo wako wa kioo, tazama na ukubwa wa herufi utakayoibeba, kisha chukua kilicho kikubwa. Akaufungua na ule mlango wa vidole viwili. Alipomaliza alisukuma maandishi ya simu yake hadi mwisho, kama ya Babu, na kuangalia.

Herufi zilikuwa nzuri, nene, za kusomeka hatua mbili kutoka mezani. Ila mraba ulikuwa umetoka nje ya kioo kama miguu ya mtu mrefu nje ya shuka. Nusu ya fumbo ilikuwa ndani, nusu huko pembeni isikoonekana.

"Sasa umembana au umemwachia?" Rangi aliuliza.

"Nyamaza nihesabu."

Alihesabu kila njia. Kwa herufi za ukubwa ule, simu ya kawaida ilibeba visanduku saba kwa upana, basi. Hakuna amri ya hesabu duniani inayoingiza kumi na tatu mahali pa saba. Hapo ndipo fundi alipofika mwisho wa ufundi wake, na kilichobaki kilikuwa mikononi mwa mtunzi.

"Saba?" Babu alisema jioni ile, kana kwamba ametajiwa tusi. "Mraba ni mraba. Pande zote sawa. Ukinipa saba upana, hilo si fumbo, hiyo ni ngazi."

"Urefu sikubani. Simu inashuka chini utakavyo. Upana tu ndio mgumu."

"Nitege vipi kwenye uchochoro?"

"Mtegaji gani anashindwa kutega kwenye uchochoro? Huko ndiko wanyama hupita."

Mzee alimtazama kwa jicho la pembeni, maana hoja ilimpata na hakutaka ijulikane. Alivuta karatasi. Bana naye alikuwa amejiandaa.

"Kumi na tatu mara kumi na tatu ni visanduku mia moja sitini na tisa," alisema. "Saba mara ishirini na nne ni mia moja sitini na nane. Umepoteza kisanduku kimoja tu, Babu."

"Kimoja si kidogo," Babu alinung'unika, lakini rula ilikuwa tayari mkononi. "Kimoja hicho ndicho ningetia herufi ya mwisho."

Kesho yake asubuhi kulikuwa na karatasi nyembamba ndefu dirishani, na mzee amejiinamia juu yake akisaga meno. Maneno marefu aliyazoea kuyalaza. Sasa ilibidi ayasimamishe. Alilalamika kutwa nzima, na Mama, aliyekuwa na siku ya mapumziko, alisema hajamsikia akilalamika kwa raha namna ile tangu alipostaafu. Usiulize mtu kama anafurahi, sikiliza anavyolalamika.

Ili mzee ajaribu ukurasa, Bana hakumpa fumbo alilolitunga mzee mwenyewe. Alishajifunza. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mtunzi anayejijaribu kwa fumbo lake hajajaribu kitu. Alilipanga upya lile alilolitunga yeye, akalifinya liwe la saba kwa upana, akalifungua kwenye simu ya mzee na safari hii akasema wazi.

"Hili ni langu. Hulijui."

Babu alipokea simu. Hakuipeleka mbali. Hakuivuta karibu. Aliishika tu, na macho yake yakaanza kutembea kushoto kwenda kulia, taratibu, midomo ikichezacheza. Bana aliyaona macho yale yakitembea na ilibidi aangalie pembeni. Mzee alisoma kidokezo, akaandika. Akasoma kingine, akakuna kidevu, akakiruka. Akarudi. Akafuta. Alikuwa polepole kuliko alivyowahi kuwa, na hakusifu hata kidogo.

"Mlalo wa tisa," alisema hatimaye, kwa sauti ya msahihishaji. "'Huliwa bila kutafunwa.' Herufi tano."

"Ndiyo."

"Ulitaka kiapo."

"Ndiyo! Umekipata."

"Nimekipata, na nimepata njama pia. Njama nayo huliwa. Nayo ni herufi tano. Na herufi pekee uliyoipitisha hapo ni ya katikati, A, ambayo maneno yote mawili yanayo." Aliinua simu na kumwonyesha kwa kidole. "Kidokezo chenye majibu mawili, mke wangu. Mtunzi gani wewe? Ungeniletea hii enzi zangu za usahihishaji, ningekurudishia na rangi nyekundu juu mpaka chini."

Bana hakuwahi kutukanwa akafurahi kiasi kile. Aliangua kicheko, kisha machozi yakaja yakachanganyika nacho, na Babu akauliza kama fumbo baya ndilo lililomliza.

Alhamisi walikwenda pamoja. Babu alivaa koti na kubeba simu yake kwenye mfuko wa ndani. Chumba cha habari kilikuwa na meza nyingi zilizosongamana, nyaya sakafuni, na watu waliozungumza bila kuinua vichwa. Mhariri aliwapokea kwenye chumba chake cha vioo. Bana aliweka kompyuta mezani. Alikuwa ameandaa maelezo marefu: kwa nini upana ni saba, min iko wapi, max iko wapi, na kwa nini clamp yenyewe si mbaya ila iliwekewa vipimo visivyofaa. Alikuwa ameyafanyia mazoezi mbele ya Rangi, ambaye alisinzia.

"Kabla hujaanza," Mhariri alisema, "nionyeshe kwenye simu."

Bana alimpa ya kwake. Mhariri aliishika, akaipeleka mbali, akaivuta karibu, akatabasamu.

Bana na Babu walitazamana.

"Mhariri," Bana alisema kwa upole, "ungejaribu kwenye simu yako mwenyewe."

Mwanamke yule alisita. Alitazama nje ya kioo, kwenye meza zile nyingi za vijana wake, kisha akaichomoa simu yake mkobani, akaigeuza kidogo upande wake ili watu wasione. Bana aliona. Herufi kubwa kama maharage.

Fumbo likafunguka. Safu saba za visanduku vinene zikashuka kioo kizima, na chini yake vidokezo vya Mtegaji, vyeusi, vipana, vya kusomeka. Mhariri alisoma cha kwanza. Akasoma cha pili. Akakaa, maana alikuwa amesimama muda wote huo. Miwani ilikuwa bado juu ya paji la uso, na hakuishusha.

"Hebu," alisema. Akaandika neno. Akaandika jingine. Mtu alikuja kugonga kioo na karatasi mkononi. Alimfukuza kwa mkono bila kuinua macho. Walisubiri. Kwenye wima ya nne alikwama, akaguna, akajaribu, akafuta.

"Mzee," alisema mwishoni, na sauti ile ya kukata haikuwepo. "Nilikuwa nimeliacha hili fumbo. Muda mrefu sasa. Nilidhani limenichosha."

"Najua," alisema Babu. "Na mimi nilidhani nimechoka."

Mhariri alimtazama. Kisha alicheka, mzee naye akacheka, na ikawa wazi kwa wote watatu kwamba hakuna mtu atakayemuaga mtu.

"Wima ya nne," Mhariri alisema, akisogeza kiti. "Niambie herufi ya kwanza tu."

"Jibu litatoka Jumamosi."

"Mimi ndiye mhariri."

"Na mimi ndiye Mtegaji. Soma tena polepole."

Akasoma tena, polepole, kwa sauti, na Babu akainamisha kichwa akimsikiliza akikosea. Hakuna aliyemuuliza Bana habari ya hesabu. Aliifunga kompyuta yake, akavuta kiti cha pembeni, akakaa kusubiri wamalize.